New Orleans na Mtoto Asiyechaguliwa

Mwaka 1900 bodi ya shule ya New Orleans, katika jimbo la Louisiana, ilipitisha uamuzi kwamba shule za umma za watoto weusi ziishie darasa la tano. Mtoto wa kizungu aliendelea hadi sekondari kwa kodi ya wote. Mtoto mweusi, ambaye wazee wake walikuwa wametoka utumwani miaka 35 tu iliyotangulia, akimaliza la tano alitafutiwa kazi, au mzazi wake alijikamua amlipie shule ya kanisa. Wazazi na walimu weusi waliandika maombi, wakahudhuria vikao, wakakataliwa, wakarudi tena. Mwaka 1917 bodi ililegeza kamba ikafungua McDonogh 35, sekondari ya umma ya kwanza kwa weusi wa mji huo katika karne ya 20. Jina lilitokana na John McDonogh, tajiri aliyemiliki watumwa na ambaye, alipofariki mwaka 1850, aliacha wosia wa fedha za kusomesha maskini. Shule zilizojengwa kwa fedha hizo zilipewa jina lake na namba. Kutoka katika hiyo ya 35 alihitimu Ernest Morial, aliyekuja kuwa meya mweusi wa kwanza wa New Orleans mwaka 1978.

Wanaosimulia historia ya shule za mkataba nchini Marekani huanzia Minnesota mwaka 1991, na kwa upande wa sheria hawajakosea. Shule ya mkataba ni shule inayolipiwa na kodi, haitozi karo, lakini inaendeshwa na bodi binafsi iliyopewa mkataba wa miaka kadhaa; ikishindwa kutimiza ahadi, mkataba hauongezwi na shule hufungwa au hukabidhiwa kwa mwingine. Mji mkubwa uliolifikisha wazo hilo ukingoni kabisa ni New Orleans. Na huko wazo halikuangukia watu wasio na kumbukumbu. Wakazi wake walikwisha kujua, tangu enzi za babu zao, kwamba katika mambo ya shule kuna wanaochagua na kuna wanaochaguliwa, na kuna watoto ambao hawamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Waliokuwa huru kuchagua

Mei 17, 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliamua kwamba kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka uliofuata, Milton Friedman, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha insha kuhusu nafasi ya serikali katika elimu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Serikali igharimie elimu, lakini si lazima iendeshe shule. Mzazi apewe vocha aipeleke kwenye shule anayoipenda, iwe ya umma, ya kanisa au ya mfanyabiashara, na shule zigombee wanafunzi. Friedman aliandika kwamba anachukia ubaguzi wa rangi, ila hakutaka serikali iwalazimishe watoto kuchanganyika, kama ambavyo hakutaka iwalazimishe kutengana.

Majimbo ya Kusini hayakuhitaji kumsoma Friedman ili kuona faida ya ruzuku ya namna hiyo. Katika kaunti ya Prince Edward, Virginia, viongozi walifunga shule zote za umma mwaka 1959 ili mradi mtoto mweusi asikae dawati moja na mzungu. Watoto wa kizungu walifunguliwa shule binafsi na wazazi wao wakapewa ruzuku. Weusi walikaa bila shule ya umma miaka mitano, hadi Mahakama ya Juu ilipoingilia kati mwaka 1964.

New Orleans nayo ilikuwa na siku yake. Novemba 14, 1960 Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita, aliingia katika shule ya msingi ya William Frantz akilindwa na maofisa wa serikali kuu, huku umati wa wazungu ukimtukana nje. Siku hiyohiyo wasichana wengine watatu weusi waliingia McDonogh 19. Wazazi wa kizungu waliwaondoa watoto wao, na kwa mwaka mzima mwalimu Barbara Henry alimfundisha Ruby peke yake darasani. Bunge la Louisiana nalo likatunga sheria za ruzuku ya karo kwa waliotaka shule binafsi. Karatasi ya sheria haikutaja rangi, lakini fedha zilikwenda zaidi kwenye shule zilizoanzishwa ili kumkimbia mtoto mweusi. Mwaka 1967 mahakama ya shirikisho iliifuta ruzuku hiyo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaunga mkono hukumu.

Ruzuku iliondoka, waliohama hawakurudi. Wazungu walihamia vitongojini au kwenye shule za kanisa, na weusi wenye uwezo wakawafuata taratibu. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 21, zaidi ya wanafunzi tisa katika kila kumi wa shule za umma za New Orleans walikuwa weusi, na walio wengi walitoka katika nyumba maskini. Mwenye fedha alikuwa amekwisha kuchagua zamani. Aliyebaki ndiye aliyekuja kuambiwa baadaye kwamba sasa ni zamu yake.

Wazo la kiongozi wa walimu

Machi 31, 1988 Albert Shanker alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington na kutoa pendekezo ambalo wengi hawakulitarajia kutoka kwake. Shanker alikuwa rais wa Shirikisho la Walimu la Marekani, mtu wa migomo. Mwaka 1968 aliongoza walimu wa New York kugoma katika mgogoro mkali wa Ocean Hill-Brownsville, ambapo chama cha walimu na wazazi weusi waliotaka kusimamia shule zao walibaki na makovu ya muda mrefu. Miaka mitano kabla ya hotuba ile, ripoti ya serikali iliyoitwa A Nation at Risk ilikuwa imeitangazia nchi kwamba elimu yake iko hatarini. Shanker alisema mfumo uliopo unawafaa wanafunzi wapatao asilimia 20 tu. Wanaobaki hawasaidiwi kwa kuongezewa mitihani ileile.

Pendekezo lake lilikuwa hili: walimu sita au zaidi wakae pamoja, wabuni namna tofauti ya kufundisha, wapewe ruhusa ya kuanzisha shule ndogo ndani ya shule iliyopo. Chama cha walimu na bodi ya shule waidhinishe. Wapokee wanafunzi wa kila aina bila kuchagua wenye akili. Wapewe miaka kadhaa, na kinachofanikiwa kiigwe na shule nyingine. Miezi michache baadaye alilipa wazo lake jina alilolichukua kwa Ray Budde, mwalimu wa chuo kikuu huko Massachusetts, ambaye alikuwa ameandika juu ya kuwapa walimu mkataba wa kuendesha mambo ya kufundishia bila kuingiliwa.

Oktoba ya mwaka huohuo Shanker alilieleza jambo hilo kwenye mkutano huko Minnesota. Kati ya waliomsikiliza alikuwemo seneta wa jimbo, Ember Reichgott, wa chama cha Democratic. Minnesota ilikwisha kuwaruhusu wazazi kuvuka mipaka ya wilaya zao kutafuta shule ya umma, kwa hiyo ardhi ilikuwa laini. Hata hivyo vyama vya walimu vya jimbo hilo viliupinga mswada wa Reichgott kwa nguvu, na uliofika mwisho ulikuwa umepunguzwa sana: shule zisizidi nane, kila moja ipate kibali cha bodi ya shule ya wilaya, na walimu wawe wengi katika bodi yake. Gavana Arne Carlson, wa Republican, alitia saini mwaka 1991. Septemba 1992 shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa mjini St. Paul kwa ajili ya vijana waliokuwa wameacha masomo. Ilianza na wanafunzi wachache wasiojaza hata madarasa mawili ya kawaida.

California ilifuata mwaka 1992, majimbo mengine mwaka 1993, Louisiana mwaka 1995. Rais Bill Clinton alitenga fedha za serikali kuu kuanzia mwaka 1994. Vyama viwili visivyokubaliana kuhusu karibu kila kitu vilikubaliana hapa, kila kimoja kwa sababu zake: Republican walipenda ushindani, Democratic walipenda shule inayobaki kuwa ya umma tofauti na vocha. Shanker mwenyewe alikuwa amekwisha kugeuka. Aliona makampuni yanaingia, aliona sheria za majimbo zinawatoa walimu kwenye usukani na vyama vyao nje ya mlango, na kufikia mwaka 1993 alikuwa mpinzani. Alifariki mwaka 1997.

Upinzani wake haukuondoa swali lililowaleta wazazi kwenye shule hizo. Huko Milwaukee, Polly Williams, mbunge mweusi wa jimbo la Wisconsin na mwanachama wa Democratic, aliungana na gavana wa Republican, Tommy Thompson, kuanzisha mpango wa vocha mwaka 1990. Alikuwa amechoka kuona watoto wa mtaa wake wakisombwa kwa mabasi kwenda shule za mbali kwa jina la mchanganyiko. Alitaka vocha kwa maskini tu, na baadaye, wenzake walipotaka kuondoa kikomo cha kipato, aliwapinga. Mzazi wa aina ya Williams ndiye aliyekosekana katika hesabu za wengi waliotetea shule za umma: hakuwa na fedha za kuhama, na hakuwa na miaka kumi ya kusubiri bodi ijirekebishe.

Bodi iliyochoka

New Orleans ilimpa mzazi wa namna hiyo kila sababu ya kukata tamaa. Kabla ya mwaka 2005 mji ulikuwa na wanafunzi wapatao 65,000 katika shule za umma, na wilaya yake ilishika nafasi ya 67 kati ya 68 za Louisiana. Wakurugenzi wa elimu walipokezana kama wapanda basi. Mahesabu yaliharibika kiasi kwamba mwaka 2005 kampuni ya kufufua biashara zilizofilisika, Alvarez & Marsal, iliajiriwa kusimamia fedha, na makachero wa FBI walipewa ofisi ndani ya jengo la bodi ili wachunguze rushwa kwa karibu. Aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi alikuja kukiri mahakamani mwaka 2007 kwamba alipokea hongo. Mwaka 2003, katika sekondari moja ya mji, mwanafunzi aliyeongoza darasa lake la mwisho alishindwa mtihani wa hesabu wa kuhitimu.

Mwaka huohuo wapiga kura wa Louisiana walibadilisha katiba ya jimbo ili serikali ya jimbo iweze kuzitwaa shule zilizoshindwa kwa miaka mfululizo. Chombo kilichoundwa kiliitwa Recovery School District, yaani wilaya ya kufufua shule. Kufikia katikati ya 2005 kilikuwa kimechukua shule chache tu. Mji ulikuwa bado na bodi yake ya kuchaguliwa kwa kura, na walimu walikuwa na chama chenye nguvu, United Teachers of New Orleans, ambacho mwaka 1974 kilipata mkataba wa pamoja wa kazi, jambo la nadra mno katika majimbo ya Kusini. Walimu saba katika kila kumi walikuwa weusi. Kwa familia nyingi kazi hiyo ndiyo iliyowavusha kutoka umaskini.

Maji yalipopungua

Agosti 29, 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani, kuta za mifereji zikabomoka na sehemu kubwa ya mji ikafunikwa na maji. Zaidi ya watu elfu moja walikufa. Wakazi walitawanyika hadi Texas, Georgia na kwingineko, na majengo mengi ya shule yakawa hayafai.

Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Septemba, wizara ya elimu ya Marekani iliipa Louisiana dola milioni 20.9 kwa ajili ya shule za mkataba. Shule za kawaida za mji hazikupata fungu la namna hiyo. Oktoba, bodi ya New Orleans iliidhinisha kwamba shule za Algiers, upande wa pili wa mto Mississippi ambako maji hayakufika, zifunguliwe kama shule za mkataba. Novemba, bunge la jimbo lilipitisha Sheria Namba 35, na Gavana Kathleen Blanco wa Democratic akaitia saini. Sheria hiyo ilipandisha kiwango cha kutwaliwa: shule iliyo chini ya wastani wa jimbo iliweza kuchukuliwa, ikiwa imo katika wilaya iliyotajwa kuwa na hali mbaya. Zaidi ya shule 100 zikahamia mikononi mwa jimbo kwa mpigo mmoja. Wapiga kura waliokuwa wakilala katika vyumba vya hoteli huko Houston hawakuulizwa.

Walimu na wafanyakazi wapatao 7,500 walipewa likizo bila malipo, kisha mapema mwaka 2006 wakaachishwa kazi. Mkataba wa chama ulipokwisha Juni mwaka huo, haukuhuishwa. Walioachishwa walikwenda mahakamani wakashinda katika ngazi za chini, lakini Oktoba 2014 Mahakama ya Juu ya Louisiana ikawageuzia kibao, na mwaka 2015 ile ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa. Nafasi zao nyingi zilijazwa na vijana waliotoka vyuoni, wengi wao wageni katika mji. Kufikia mwaka 2014 walimu weusi walikuwa wamepungua kutoka asilimia 71 hadi 49.

Desemba 2005 Friedman, akiwa na miaka 93, aliandika gazetini kwamba msiba ule ulikuwa pia nafasi ya kuubadilisha mfumo wa elimu kutoka mizizi. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2010 waziri wa elimu wa Rais Obama, Arne Duncan, alisema kwamba Katrina ilikuwa jambo jema kuliko yote lililowahi kuupata mfumo wa elimu wa New Orleans, kisha akaomba radhi. Radhi ilikubalika kwa adabu, lakini maneno yale yalikuwa yamekwisha kuwaonyesha watu wa mji jinsi walivyoonekana kutoka juu.

Faida iliyopatikana

Hapa lazima mwandishi awe mwadilifu, hata kama yaliyompata mwalimu mzee wa New Orleans yanamkera. Matokeo yalipanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wakiongozwa na Douglas Harris walifuatilia takwimu za wanafunzi kabla na baada ya kimbunga, wakizingatia kwamba waliorudi huenda hawakuwa sawa na walioondoka. Walikuta alama za mitihani zimepanda kwa kiasi ambacho ni nadra kuonekana katika wilaya nzima, waliomaliza sekondari wameongezeka kwa pointi za asilimia kati ya 3 na 9, na walioingia vyuoni kwa kati ya 8 na 15. Watoto hao ni weusi na maskini kwa wingi, walewale ambao bodi ya zamani iliwapoteza.

Sababu waliyoiona watafiti kuwa kubwa ilikuwa ukali wa mamlaka yenyewe, yaani kufunga au kukabidhi kwa wengine shule zilizofanya vibaya, na kuwapa mikataba waombaji waliochujwa sana. Ushindani wa wazazi kuzunguka na vocha mkononi, kama alivyouwaza Friedman, haukuwa ndio uliobeba mzigo. Fedha nazo ziliongezeka: matumizi kwa kila mwanafunzi yalipanda kwa asilimia 13 kuliko wilaya zinazofanana nayo, ingawa sehemu iliyokwenda kwenye utawala ilikua sana na ile ya kufundishia ikapungua.

Kitaifa picha ilikuwa ya rangi nyingi zaidi. Uchunguzi wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2009 ulikuta asilimia 17 tu ya shule za mkataba zikizidi shule za kawaida katika hesabu, na asilimia 37 zikiwa chini. Mwaka 2023 kituo hichohicho kilikuta wastani wake umepita ule wa shule za kawaida kwa kiasi kidogo, hasa kwa watoto maskini wa mijini, huku zinazofundisha kupitia intaneti zikiwa zimeanguka vibaya. Mwaka 2016 chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kilitaka shule mpya za mkataba zisimamishwe kwanza. Wazazi weusi wengine walipiga foleni mlangoni mwa shule hizohizo. Wote walikuwa na sababu.

Mlangoni

Katika wilaya ya kawaida kila mtaa una shule yake, na shule hiyo ina wajibu wa kumpokea mtoto wa mtaa huo hata akija katikati ya muhula, hata kama hasikii, hata kama jana alifukuzwa kwingine. Wajibu huo hauonekani mpaka uondoke. Huko New Orleans, baada ya 2005, uliondoka. Mzazi alizunguka na fomu kutoka shule hadi shule, kila moja na tarehe yake na masharti yake. Shule zilipimwa kwa alama, na mtoto mwenye ulemavu au mtukutu hushusha alama na hugharimu zaidi. Baadhi ya wazazi waliambiwa kwa upole kwamba mtoto wao angefaa zaidi mahali pengine. Mwaka 2010 mawakili wa Southern Poverty Law Center waliishtaki idara ya elimu ya jimbo kwa niaba ya wanafunzi wenye ulemavu, na shauri likaishia kwenye makubaliano ya usimamizi wa mahakama.

Wasimamizi hawakuziba masikio. Mwaka 2012 walianzisha mfumo mmoja wa maombi, OneApp: mzazi anajaza fomu moja, anapanga shule kwa mapendeleo yake, kompyuta inapiga kura. Mwaka huohuo kufukuza wanafunzi kuliondolewa mikononi mwa kila shule na kuwekwa chini ya baraza moja. Lakini baadhi ya shule zenye sifa kubwa, zikiwemo zenye mitihani ya kuingilia, zilibaki nje ya OneApp kwa miaka. Watoto waliopangiwa upande wa pili wa mji walisubiri mabasi alfajiri gizani. Shule ilipofungwa, familia ilianza upya, na wapo waliofungiwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 ilibainika kwamba katika sekondari ya John F. Kennedy karibu nusu ya waliosherehekea kumaliza hawakuwa wametimiza masharti, na alama zilikuwa zimechezewa. Ushindani haukuwa dawa ya uongo. Ulikuwa umeutafutia sababu mpya.

Wazo lenyewe lilifika hata bara letu. Mwaka 2016 waziri wa elimu wa Liberia, George Werner, alikabidhi shule 93 za serikali kwa waendeshaji binafsi wanane, na fungu kubwa lilikwenda kwa Bridge, kampuni iliyojijengea jina katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Tathmini ya mwaka wa kwanza ilikuta watoto wamejifunza zaidi kuliko wenzao. Ilikuta pia kwamba Bridge, ili madarasa yasizidi idadi iliyowekwa, iliwaondoa wanafunzi waliozidi, nao wakaenda kutafuta shule nyingine. Umbali kati ya Monrovia na New Orleans ni mkubwa, lakini jambo lilitokea palepale, mlangoni.

Kurudi kwa bodi

Mwaka 2014 Recovery School District ya jimbo ilifunga shule zake za mwisho ilizoziendesha moja kwa moja. Mwaka 2016 Gavana John Bel Edwards alitia saini sheria ya kuzirudisha shule zote chini ya bodi iliyochaguliwa ya New Orleans, na Julai 1, 2018 zikarudi. Kilichorudi ni haki ya kutoa na kunyima mikataba. Kuajiri walimu, mitaala na bajeti za kila siku vilibaki kwa waendeshaji.

Bodi ilibakiwa na shule moja iliyokuwa ikiiendesha yenyewe: McDonogh 35. Mwishoni mwa 2018 iliamua kuikabidhi kwa kampuni isiyo ya faida ya InspireNOLA. Wahitimu wa zamani walijaa kikaoni wakapinga. Mzee aliyesoma pale wakati shule ikiwa ndiyo mlango pekee wa sekondari kwa watu wake alikuwa na haki ya kuuliza iweje bodi ambayo babu zake waliisihi miaka 17 ifungue shule, sasa iseme haiwezi kuendesha hata moja. Uamuzi haukubadilika. Mwaka 2019 New Orleans ikawa mji mkubwa wa kwanza Marekani usio na shule ya umma hata moja inayoendeshwa na wilaya.

Hali hiyo ilidumu miaka mitano. Shule ya Lafayette Academy ilipopoteza mkataba wake, bodi haikumpata mwendeshaji wa kumkabidhi kwa namna iliyowaridhisha wazazi, na Agosti 2024 wilaya ikafungua ndani ya jengo hilo shule yake yenyewe. Iliitwa Leah Chase, kwa heshima ya mpishi mashuhuri aliyewalisha wanaharakati wa haki za raia katika mgahawa wake miaka ya 1960.

Hukumu yangu ni hii. New Orleans imethibitisha kwamba shule mbovu haitakiwi kuvumiliwa kwa sababu tu ni ya umma, na kwamba mamlaka yenye ujasiri wa kufunga na kuanza upya inaweza kuwainua watoto wengi kwa muda mfupi. Anayelikana hilo anawaonea watoto waliofaulu. Imethibitisha pia kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa kuwapita wenye mji wakiwa wamefurika maji na kwa kuvunja tabaka la walimu weusi, na kwamba mfumo wa mikataba ulilazimika kurudisha, kimoja baada ya kingine, vitu uliovitupa: fomu moja, baraza moja la nidhamu, bodi ya kupigiwa kura, na mwishowe shule ya wilaya. Vilirudi kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinamshughulikia mtoto ambaye hakuna shule iliyomtaka.

Leo Marekani ina wanafunzi zaidi ya milioni 3.7 katika shule za mkataba, na mawakala wa mfumo huo wanatembelea wizara za elimu za nchi nyingi. Wakija kwenu wakawaonyesha chati za alama, zisomeni kwa makini, maana huenda ni za kweli. Kisha waulizeni, kabla ya kutia saini, ni shule ipi italazimika kumpokea mtoto aliyekataliwa na nyingine zote, na ni kiongozi yupi mtaweza kumwondoa kwa kura ikiwa shule hiyo haipo.